Futa ya Zamani Kwanza

Jumanne

Dada yangu mkubwa,

Salamu kwanza, hasira baadaye. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeificha kabatini ukingoja maumivu yazidi, kama ilivyo kawaida yako? Nimeongea na shemeji Jumapili, akaniambia watoto hawajambo na kwamba kitinda mimba amevunja kioo cha jirani kwa mpira. Mwambie mjomba wake amecheka, ila asirudie. Mimi ni mzima wa mwili. Ofisi yetu ni ile ile ya ghorofa ya pili, na feni ni ile ile inayosukuma joto kutoka kona hii kwenda kona ile.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Ile karatasi usiitie sahihi. Nimelisema mapema ili hata ukiishia hapa kwa sababu mgonjwa anakungoja, uwe umelipata la maana. Ijumaa kamati ya hospitali wakikuwekea karatasi ile mezani, usiiwekee hata nukta. Nakuomba, nakusihi, na kama mdogo anaruhusiwa kumwamuru mkubwa wake mara moja maishani, basi nakuamuru.

Ningekupigia, lakini simu yako wameichukua kuwa ushahidi, na kwenye simu ya shemeji nisingeweza kuyasema haya yote bila wewe kunikatiza. Wewe hujawahi kuniacha nimalize sentensi tangu nikiwa na meno ya utoto. Kwa hiyo naandika. Jioni nitamkabidhi yule nesi wa zahanati yenu aliyekuja huku kwenye mafunzo. Anarudi kesho, na ameapa atakupa mkononi.

Shemeji alinieleza yote kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. Kwamba kamati inasema kumbukumbu zako za wiki tisa hazipo. Kwamba wagonjwa wako arobaini na mmoja wa kifua kikuu, kwa mujibu wa kompyuta, hawakutembelewa hata siku moja. Kwamba Babu Seremala alifariki ndani ya wiki hizo tisa, na kwa kuwa ukurasa wake ni mweupe, basi aliyemuua ni uzembe wako. Na kwamba wamekuonea huruma, eti. Ukikiri kwa maandishi kuwa ulizembea, watakuacha ukapange kadi kwenye chumba cha masjala. Ukikataa, jina lako linatolewa kwenye orodha ya wahudumu na hutagusa mgonjwa tena. Na wewe ukamwambia shemeji kwamba umechoka kubishana, utasaini yaishe.

Yaishe? Yaishe nini, Dada? Wewe uliyekuwa unakaa na Babu Seremala mpaka ameze kidonge cha mwisho mbele ya macho yako, na akikitema unachukua kingine mnaanza upya? Wewe uliyenipigia simu unalia siku aliyofariki, ukaniambia kwamba kabla ya hapo alikuomba umsogeze karibu na mlango aone mbao zake zisije zikanyeshewa? Leo mtu wa kwenye kiyoyozi akuambie hukukanyaga pale! Ebo! Nilipokata simu nilipiga teke ndoo ya usafi pale kwenye ngazi za ofisi, na mlinzi akaniuliza kama nimegombana na mke. Nikamwambia sina mke. Akasema ndiyo maana.

Acha nikueleze kilichotokea, maana katika nyinyi wahudumu sitini hakuna hata mmoja aliyewahi kuelezwa.

Programu mnayotumia kuandikia wagonjwa kwenye simu haimo kwenye lile duka rasmi la simu ambamo watu wanapakulia programu zao. Mkurugenzi wetu hataki hata kulisikia. Anasema dukani kuna wakaguzi, wanakagua kila toleo, wanauliza maswali, wanachelewesha, na yeye ni mtu wa leo leo. Ndiyo maana akiwa mbali tunamwita Bwana Leoleo. Basi tukajitengenezea mlango wetu wa uani. Kila asubuhi ukiwasha mtandao, programu yenyewe inaiuliza kompyuta yetu kubwa, ile tunayoiita seva, kama kuna toleo jipya. Likiwepo inalivuta kimyakimya, halafu inakuletea kidirisha cha kukuomba uguse neno Kubali. Hakuna mtu wa katikati wa kuuliza mmejaribu, mmehakikisha. Tukiamua jambo saa nne, saa tano limo mikononi mwenu. Bwana Leoleo alijisifia hilo mpaka kwa wageni wanaokuja kusoma mita ya umeme.

Unaikumbuka siku ya mafunzo, kwenye ule ukumbi wa shule wenye viti vya plastiki? Simu zilipoanza kuwaonya kwamba faili hili halijatoka dukani na linaweza kuwadhuru, mimi ndiye niliyesimama mbele na kipaza sauti nikawafundisha pa kubonyeza ili simu inyamaze. Yule mama wa makamo mwenye miwani akauliza kwa nini simu inaogopa, kama kitu chenyewe ni kizuri. Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, wala sikumjibu. Tuliwafundisha watu wazima sitini kupuuza onyo, kisha tukawapa na cheti cha kuhudhuria! Siku hiyo hiyo mkurugenzi akaagiza madaftari yote yarudishwe, kwamba mambo ya karatasi yamepitwa na wakati. Wewe ulikuwa wa kwanza kurudisha lako, limevalishwa jalada la gazeti, majina yote yamepigiwa mstari kwa rula. Najua lilipo. Liko kwenye boksi chini ya meza ya mhasibu, linaegemeza waya za printa.

Miezi mitano iliyopita tukawashushia toleo jipya kwa mtindo huo huo wa haraka. Lilikuwa na kasoro mbaya. Kumbukumbu mlizotuma zilikuwa zinafika kwenye seva, seva inazikataa kwa sababu tulikuwa tumebadilisha mpangilio wake, lakini kwenye simu inatokea alama ya kijani na neno Imepokelewa. Wiki tisa! Mnatembea juani, mnaandika, mnaona kijani, mnarudi nyumbani roho zimetulia. Hata hivyo kazi yenu haikuwa imepotea. Ilikuwa imelundikana humo humo ndani ya simu zenu, tarehe kwa tarehe, jina kwa jina, salama kabisa. Hilo lishike vizuri, Dada, maana ndipo uchungu wangu ulipo. Mpaka siku ile, kila kitu kilikuwepo.

Wala hatukugundua sisi. Waligundua watu wa wizara walipotaka ripoti wakakuta pengo. Bwana Leoleo akaja mezani kwangu jasho linamtoka, akasema anataka toleo la kurekebisha kabla jua halijazama. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, niliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Toleo lile lingekaa juu ya lile la zamani, lingekuta kumbukumbu zenu ndani, lingezituma zote kwa mkupuo, na leo ukurasa wa Babu Seremala ungekuwa umejaa tarehe zako mpaka pembezoni.

Lakini simu zikalikataa. Kila programu, Dada, inagongwa muhuri na aliyeitengeneza. Si muhuri wa wino, ni faili lenye siri ndani yake. Simu ina akili hiyo moja ambayo hatukuweza kuwafundisha kuizima. Toleo jipya likija na muhuri tofauti na wa lile la zamani, inaligomea, kwa sababu haiwezi kujua kama ni mwenye nyumba karudi au ni mwizi kavaa nguo za mwenye nyumba. Na muhuri wetu wa zamani ulikuwa umepotea. Tungekuwa dukani, duka lina utaratibu wake wa kumsaidia aliyepoteza. Sisi tuliojifanya wajanja wa mlango wa uani hatukuwa na wa kumlilia. Ikabaki njia moja, kugonga muhuri mpya na kumwambia kila mhudumu afute kwanza programu ya zamani ndipo aweke hii mpya. Na ukifuta programu, unafuta na vyote vilivyomo ndani yake.

Ujumbe wa kwanza ulioandikwa ulikuwa na mstari unaosema kwamba kumbukumbu ambazo hazijatumwa zitapotea. Mkurugenzi akasema mstari huo utazua taharuki, watu wa wizara watauliza zilikuwa zinafanya nini humo. Mstari ukaondolewa. Mkapelekewa ujumbe mfupi mtamu: futa ya zamani kwanza, kisha gusa hapa. Na mwishoni kiuso kinachotabasamu. Kiuso, Dada! Mnaambiwa mchome moto wiki tisa za jasho lenu, na mnachekewa.

Wizara walipouliza tena, Bwana Leoleo akaandika, macho makavu, kwamba mfumo ulikuwa sawa siku zote na wahudumu ndio ambao hawakuingiza chochote. Amewaangushia jumba bovu watu sitini na akaenda kunywa chai. Wenzako hamsini na tisa wamepewa barua za onyo, yamepita. Wewe kwa sababu kwenye orodha yako kuna marehemu, wakahitaji mtu wa kubeba maiti. Hana haya yule mtu. Ana picha ya mama yake mezani, na mama yake anafuatwa nyumbani na mhudumu kama wewe.

Sasa sikiliza, maana kuna jambo ambalo hawalijui. Seva ina tabia ya kumwandika kila anayebisha hodi, hata anayefukuzwa. Kila simu yako ilipojaribu kutuma, iliandikwa saa ngapi, ina kumbukumbu ngapi zinazosubiri, na kwamba imekataliwa. Kwa wiki zile tisa simu yako ilibisha hodi siku zote za kazi isipokuwa mbili, zile mbili ulizokwenda kuuguza mgongo. Asubuhi ya mwisho ilikuwa imebeba kumbukumbu mia tatu na hamsini na nane. Majina hayaonekani, lakini mtu ambaye hatembelei wagonjwa hawezi kuwa na mzigo unaoongezeka kila jioni. Mkurugenzi aliniagiza niyasafishe mafaili hayo, kwamba nafasi imejaa. Sikuyasafisha. Nimeyachapa, kurasa ishirini na sita, na kila penye simu yako nimepitisha kalamu ya njano.

Nimerudia kuisoma barua hii kutoka juu, Dada, na hasira yangu imegeuka imenikabili mwenyewe. Muhuri ulikuwa umepotea. Mstari ukaondolewa. Ujumbe ulioandikwa. Umeona ninavyoandika? Utadhani muhuri uliota miguu ukaondoka.

Muhuri niliupoteza mimi. Kompyuta yangu ilikuwa nzito, nikaamua kuifuta yote niianze upya. Kabla ya kuifuta nikahamisha muhuri kwenye flashi. Sasa sisi watu wa kazi hii tuna ugonjwa wetu wa majina. Nilikuwa na mafaili mawili, moja nimeliita muhuri wa mwisho, la pili nimeliita muhuri wa mwisho kabisa. Nikahamisha lile la kwanza, ambalo lilikuwa la majaribio tu, nikafuta mengine kwa moyo mweupe. Nilikuja kujua siku ile simu zilipogoma. Mkurugenzi aliponiuliza nikamwambia faili limeharibika lenyewe, na kwa kuwa haelewi hata nusu ya kile anachokisimamia, aliamini. Mstari wa onyo uliagizwa na yeye, lakini kidole kilichoufuta ni changu. Kiuso kile nilikiweka mimi, bila kuagizwa na mtu. Na kwenye kikao walichokubaliana kuwasingizia, nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni, na walipouliza kama kuna mwenye la kuongeza, niliufyata.

Bado sijafika. Kuna moja ambalo ndilo lililonifanya nishindwe kula tangu Jumapili.

Siku ile ya ujumbe ulinipigia, kama saa tano asubuhi. Ulikuwa umesimama nje ya nyumba ya mgonjwa, nilisikia kuku. Ulisema umepata ujumbe wa kufuta, ukasema hutaki kugusa kitu bila kuniuliza, kwa sababu kazi yako yote imo humo. Ukaniuliza swali ambalo kati ya watu sitini hakuna mwingine aliyefikiria kuuliza. Je, ukifuta, kazi yako ya nyuma itabaki? Bwana Leoleo alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nikakwambia futa tu, Dada, zote ziko kwetu.

Ukanishukuru. Ukasema ni vizuri kuwa na mtu wa nyumbani anayeyajua mambo haya, ukakata simu, ukafuta.

Sikukosea, Dada. Sikuchanganya wala sikuwa na haraka. Niliijua hesabu, wiki tisa, na nilijua haziko kwetu. Nilijua pia kwamba ukisita wewe utawauliza wenzako, wenzako watasita, na mwishowe mtu atauliza muhuri ulikwenda wapi. Nikaona bora zipotee zako kuliko niaibike mimi. Nilifikiri mtapewa onyo, litapita, mtasahau. Sikujua Babu Seremala amo humo. Au nilijua, kwa sababu ulinipigia unalia alipofariki, nikaamua kutokumbuka.

Na shemeji akaniambia hivi, wala hakujua anamwambia nani. Kamati walikuuliza mara tatu ni nani aliyekuhakikishia kwamba ukifuta hakitapotea kitu, na mara zote tatu ulijibu hakuna. Na yeye alipokuuliza nyumbani ukamjibu hivyo hivyo. Ulikuwa tayari kuitwa muuaji mbele ya watu unaowafanyia kazi, ukapange kadi gizani mpaka ustaafu, ili mdogo wako asimwage unga kwa kosa ambalo unaamini alilifanya bila kujua. Nimekasirika na wewe pia, Dada. Nani alikutuma? Nani alikwambia mimi bado ni mtoto wa kufichiwa makosa?

Nesi nitampa bahasha mbili. Ya pili ni ya mwenyekiti wa kamati, ina zile kurasa ishirini na sita, na barua yangu yenye yote haya, pamoja na saa uliyonipigia na jibu nililokupa. Nakala nimeiweka mezani kwa mkurugenzi leo asubuhi. Mpaka sasa hajaniita. Mlango wake umefungwa na nasikia anaongea na simu, anaongea taratibu, kitu ambacho si kawaida yake. Wewe ukiisoma hii nadhani nitakuwa nimeshatolewa, na wakitaka kunipeleka mbele zaidi, wanajua ninapoishi.

Ijumaa saa tatu nitakuwa hapo hospitali. Huna haja ya kunisalimia, na kama hutaki nikae karibu nitakaa nyuma. Lakini wakikuuliza kwa mara ya nne nani alikwambia ufute, usinitajie tena huyo Hakuna. Waambie ni mdogo wangu, wa baba mmoja na mama mmoja, nilimuuliza, akajibu, na alikuwa anajua. Maneno yote hayo, hasa hayo ya mwisho. Ukishindwa kuyasema ukinitazama, tazama ukuta, lakini yaseme.

Msalimie sana shemeji, na umpe barua hii aisome na yeye, nisingependa aendelee kunionea huruma kwenye simu. Wabusu watoto. Wasalimie wagonjwa wako wote arobaini.

Ni mimi mdogo wako,
Kijiti